Karani wa Nafasi za Ndege: Maisha ya Damaris Mbithe Kitheka, 1954–2025

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa mliosafiri kutoka Kabati, majirani wetu wa Kiboko, wageni wetu kutoka Malili na Nairobi, na ninyi nyote mliokuja kusimama nasi Jumamosi hii ya tarehe 14 Juni 2025, familia imemwomba Jonah Muindi Kaloki, kaka mkubwa wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na kabla hajaanza anaomba mjue kwamba sehemu kubwa ya maneno haya marehemu aliyasema mwenyewe akiwa kitandani, binti yake Wavinya akiyaandika kwenye daftari, na akaagiza yasomwe yote, pamoja na yale ambayo kwa kawaida watu hawayasomi mbele ya jeneza.

Marehemu Damaris Mbithe alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 karibu na soko la Kabati, Kitui, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa hayati Mzee Kaloki Muindi, aliyekuwa fundi cherehani pale sokoni, na hayati Mama Kalunde, mkulima. Alikuwa mtoto mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kucheka, na kwa kuwa kaka yake Jonah alimzidi miaka minne, ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mchanga wa mto wakati wa kwenda kuchota maji, na ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa vifungo vilivyoanguka chini ya cherehani ya baba yao.

Alianza masomo ya msingi Kabati mwaka 1961 na kuyamaliza mwaka 1968, akajiunga na shule ya upili ya wasichana mjini Kitui mwaka 1969, akamaliza kidato cha nne mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaenda Nairobi kusomea uhazili, ambako alijifunza kupiga chapa na kutumia teleksi, na alifaulu vizuri kiasi kwamba mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi.

Kazi hiyo aliianza Jumatatu tarehe 2 Septemba 1974, katika ofisi moja ya wakala wa safari katikati ya Nairobi, ambayo tumeamua kutoitaja kwa kuwa ilifungwa zamani na wenyewe hawapo hapa kujieleza. Alikuwa karani wa nafasi, yaani mtu wa kutafutia abiria viti katika ndege na kuvihifadhi mpaka siku ya safari. Vijana wetu ambao hununua tikiti kwa simu wakiwa wamelala kwenye kochi huenda wasielewe jinsi kazi ile ilivyokuwa, maana siku hizo karani alipiga simu kwa shirika la ndege, akangoja kwenye laini mpaka sikio likauma, akaambiwa nafasi ipo au haipo, akaiandika kwa penseli kwenye kadi, kadi ikaingia kwenye sanduku la mbao kwa mpangilio wa tarehe, na kama safari ilihusu nchi za mbali, ujumbe ulipelekwa kwa teleksi na jibu likaja kesho yake au keshokutwa.

Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Bwana Ndungu Kanyi, mzaliwa wa Murang'a, karani mkuu wa ofisi ile, mtu mpole aliyevaa sweta la kijivu hata mwezi wa Februari, na ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kusoma kitabu cha ratiba za ndege za dunia nzima, jinsi ya kuandika jina la abiria kama lilivyo kwenye paspoti wala si kama anavyoitwa nyumbani, na jinsi ya kujaza tikiti ya karatasi yenye nakala nne, ambayo ukiikosea herufi moja haifai tena. Marehemu alitaka isemwe wazi kwamba hakuna aliyemtendea wema zaidi katika ofisi ile kuliko Bwana Ndungu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na hayati Kitheka Ndolo, aliyekuwa mtumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kiboko, ndoa iliyobarikiwa kanisani Kabati, na Mungu akawajalia watoto wawili, Wavinya aliyezaliwa mwaka 1978, na Kimeu aliyezaliwa mwaka 1981. Kwa miaka mingi mume aliishi Kiboko na mke Nairobi, wakikutana mwisho wa wiki, na Wavinya alipozaliwa, ni Bwana Ndungu aliyezishughulikia kadi za marehemu kwa miezi miwili juu ya kazi yake mwenyewe, ili meneja asipate sababu ya kumtafuta mtu mwingine wa kuketi kwenye kile kiti.

Mwezi wa Februari 1986 ililetwa pale ofisini kompyuta ya kwanza ya kuhifadhi nafasi, skrini moja yenye maandishi ya kijani, iliyounganishwa kwa laini ya simu na kompyuta kubwa ya mashirika ya ndege iliyokuwa ng'ambo, na jambo lililochukua siku mbili sasa likachukua dakika mbili. Marehemu alichaguliwa pamoja na wenzake wawili kwenda kufundishwa, wenzake wakaacha kazi kabla ya mwaka kwisha, akabaki yeye peke yake anayezijua zile herufi na amri zake kikamilifu. Hapa alisema tusimpunguzie, kwamba alivimba kichwa, kwamba alianza kutembea pale ofisini kama mtu aliyepewa funguo, na kwamba alikwenda kwa meneja bila kuulizwa akamwambia kadi za Bwana Ndungu zitupwe, wakati Bwana Ndungu alikuwa ameomba tu kwamba vyote viwili vitumike pamoja kwa mwaka mmoja, waone.

Kompyuta ile ilikuwa na jambo ambalo wengi pale hawakulijua, nalo ni kwamba kila nafasi iliyohifadhiwa ilikuwa na kumbukumbu nyuma yake, iliyoonyesha aliyeifungua, aliyeibadilisha na aliyeifuta, kwa herufi za jina lake na kwa saa.

Mzee Kaloki, baba yetu, alifariki Alhamisi tarehe 5 Novemba 1987. Jonah, kaka wa marehemu, alikuwa Leeds, Uingereza, alikokwenda mwaka 1979 kusoma na baadaye kufanya kazi, na siku alipoondoka mzee alikuwa amemshika mkono pale kwenye kituo cha basi Kabati akamwambia, "Mimi sitaki barua ya pole. Nikienda, uje unizike." Kwa hiyo msiba ulipotokea, Jonah alimpigia simu dada yake, dada yake akamwambia asihangaike, kwamba tikiti ataipata uwanjani London, na Ijumaa tarehe 6 akamhifadhia nafasi kwenye kompyuta, katika ndege ya Jumatano tarehe 11, kwa mazishi ya Jumamosi tarehe 14.

Asichokijua asubuhi hiyo ni kwamba Bwana Ndungu, kwa kumhurumia mfiwa, naye alikuwa amepiga simu kwa shirika la ndege, akapata nafasi katika ndege hiyohiyo, na tikiti ikatolewa kwa nafasi hiyo aliyoipata yeye. Jumatatu tarehe 9 marehemu alifungua skrini akaona jina la kaka yake mara mbili. Bwana Ndungu alikuwa akipita nyuma ya kiti chake, akasimama.

"Mbithe, ile moja ni yangu, ya simu," alimwambia. "Tikiti ya kaka yako imeshikana na hiyo. Usiiguse."

"Bwana Ndungu, hizi za simu ndizo zinatuletea fujo," marehemu akajibu. "Niachie, hii ni kazi yangu."

Akaifuta ile ya Bwana Ndungu. Ile ya kwake ikabaki haina tikiti, na ilipofika jioni muda wake ukaisha, kompyuta ya ng'ambo ikaifuta yenyewe, kama ilivyopangwa kufanya.

Jumatano kaka yake alifika uwanja wa ndege wa London akiwa na suti nyeusi kwenye mfuko wa plastiki, akaambiwa jina lake halipo, akaambiwa ndege imejaa, akaambiwa na inayofuata pia imejaa, akakaa pale uwanjani mpaka Jumapili akisubiri abiria yeyote asiyetokea ili apewe kiti chake. Alifika Kabati Jumatatu tarehe 16, akakuta udongo wa kaburi umeshalainishwa na mvua ya usiku, na Mwaitu Kalunde, mama yetu, akamshika uso kwa mikono miwili akamuuliza kwa upole, "Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Jumanne tarehe 17 kaka yake alikwenda mpaka ile ofisi ya Nairobi, akiwa na hasira ambayo leo hajivunii, akataka kujua ni nani aliyefuta nafasi yake. Meneja aliwakusanya makarani wote, akaifungua kompyuta, akatafuta ile kumbukumbu, lakini hakujua kuisoma, kwa hiyo akamgeukia mtu pekee aliyejua.

"Mama Wavinya, soma hapo. Inasema nini?"

Marehemu alituambia kwamba herufi za jina lake zilikuwa pale mbele yake, mstari wa tatu kutoka juu, na saa yake, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na kwamba alizitazama muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana, akisikia pumzi ya kaka yake nyuma ya bega lake.

"Inasema nafasi haikuthibitishwa kwa simu," alisema. "Ikaanguka."

Kuthibitisha kwa simu ilikuwa kazi ya Bwana Ndungu, na kila mtu pale alilijua hilo. Kaka wa marehemu alimkabili Bwana Ndungu mbele ya wenzake wote, akamwambia, "Umeninyima kumzika baba yangu. Kazi yako ni kushika simu tu, na hata hiyo imekushinda." Bwana Ndungu hakumtazama yeye, alimtazama Mbithe, akangoja kidogo, kisha akasema, "Kama kompyuta imesema hivyo, sina la kuongeza." Aliachishwa kazi tarehe 30 Novemba 1987, baada ya miaka kumi na minane, na lile sanduku la kadi likatolewa nje siku hiyohiyo.

Kuanzia hapo maisha ya marehemu katika kazi yalipanda, na tunayasoma kwa sababu ni kweli pia. Mwaka 1989 alifanywa msimamizi wa nafasi, mwaka 1992 akawa mwalimu wa makarani, akafundisha watu wa mawakala wengi kutoka Mombasa hadi Kisumu jinsi ya kutumia mifumo iliyozidi kuja, mmoja baada ya mwingine, na baadhi yenu mliofundishwa naye mmeketi hapa leo. Mtakumbuka alivyokuwa mkali, kwamba hakumruhusu mwanafunzi kufuta nafasi ya mtu kabla ya kuisoma kumbukumbu yake yote kwa sauti, na mlidhani ni bidii ya kazi. Mwaka 1999 alifungua ofisi yake ndogo mjini Wote, akahudumia wanafunzi, wagonjwa waliokwenda kutibiwa India na watumishi wa kanisa, mpaka tikiti za karatasi zilipoondolewa, na watu wakaanza kujihifadhia nafasi wenyewe kwenye mtandao, akaifunga mwaka 2012 na kuja kukaa hapa Kiboko na mumewe.

Mumewe Kitheka alifariki tarehe 19 Septemba 2015. Hakuwahi kuambiwa habari ya nafasi ile, na marehemu alisema kwamba mara nyingi alianza kumwambia wakiwa jikoni, akaishia kumuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Mwaka 2010 alikuwa amesikia kwamba Bwana Ndungu, baada ya kuhangaika Nairobi bila kazi ya maana, alihamia Malili na mkewe Nyawira, wakafungua duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu. Kutoka Wote au Kiboko kwenda Nairobi lazima upite Malili, na marehemu alipita hapo kila mwezi, wakati mwingine mara mbili kwa wiki, kwa miaka saba, bila kushuka. Alishuka mara moja, mwezi wa Machi 2017. Alimkuta Bwana Ndungu nyuma ya kaunta, amezeeka, bado na sweta, na Bwana Ndungu alimtambua mara moja.

"Mama Wavinya. Karibu. Kompyuta zinasemaje siku hizi?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, bila kejeli, akamvutia kiti, akaagiza chai. Waliongea juu ya mvua, juu ya watoto, juu ya bei ya saruji. Marehemu akanunua waya wa ua ambao hakuwa na kazi nao, akamshukuru, akaondoka. Alijiambia atarudi mwezi ujao akiwa amejipanga vizuri zaidi.

Bwana Ndungu Kanyi alifariki tarehe 3 Februari 2022, na marehemu hakupata habari mpaka mwezi wa Juni.

Mwezi wa Julai 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo na kushindwa kula, akapimwa katika hospitali ya Wote, na tarehe 2 Agosti daktari akamweleza kwamba ni saratani na kwamba imeenea. Wiki hiyohiyo alimwita kaka yake, ambaye alikuwa amerudi kutoka Uingereza mwaka 2006 na kujenga Kabati, akamketisha sebuleni hapo ndani, akamweleza yote kuanzia Jumatatu ile mpaka mwisho. Kaka yake aliinuka akaacha chai yake mezani, akarudi Kabati, na kwa miezi mitano hakupiga simu wala kupokea yake.

Tarehe 12 Desemba 2024 marehemu, akiwa hawezi tena kutembea bila kushikwa, alipelekwa na Wavinya nyumbani kwa Mama Nyawira, mjane wa Bwana Ndungu, Malili. Alimwambia alichokuja kusema. Mama Nyawira alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa juu ya magoti.

"Alijua," Mama Nyawira akasema. "Aliniambia jioni ileile. Alisema msichana amemwogopa kaka yake, ataniita akitulia. Siku uliyonunua waya alifunga duka mapema, akaja akaniambia, leo Mbithe amefika, karibu aseme. Akawa anakungoja."

Marehemu alilia, na Mama Nyawira akamwacha alie. Kisha marehemu akamwomba msamaha.

"Mimi kwa upande wangu nimekusamehe," Mama Nyawira alisema. "Kwa upande wa Ndungu siwezi, hilo lilikuwa lake, na hayupo. Lakini nina ombi. Yeye aliaibishwa mbele ya watu. Mimi nimesikia, sasa na watu wasikie."

Hiyo ndiyo sababu mmesomewa haya. Na kwa agizo la marehemu, familia hii inatamka mbele yenu kwamba Bwana Ndungu Kanyi hakukosea lolote tarehe 9 Novemba 1987, kwamba nafasi ile alikuwa ameithibitisha kama ilivyopaswa, na kwamba iliyofutwa ilifutwa na Damaris Mbithe, akiwa ameonywa. Binti wa Bwana Ndungu, Mukami, ameketi pale mbele kwa niaba ya mama yake ambaye magoti yamemzuia kusafiri. Mukami, kaka wa marehemu anaomba uyapokee haya, na umpelekee mama yako neno la kwake mwenyewe pia, kwamba maneno aliyomwambia baba yako siku ile alimwambia mtu asiye na hatia, na kwamba aliishi miaka thelathini na saba akisimulia kisa hicho kila alipoulizwa juu ya baba yetu, akilitaja jina la baba yako vibaya kwa watu ambao hawezi tena kuwapata wote.

Kaka yake alirudi Kiboko tarehe 8 Januari 2025. Dada yake alikuwa amelala, amebaki mifupa, na alipofungua macho akamkuta hapo alisema tu, "Umekula?" Kuanzia siku hiyo alikaa naye hadi mwisho, wakaongea mengi ya Kabati, lakini nguvu ya kuongea alikuwa nayo kidogo, muda wa saa moja tu asubuhi na nusu saa jioni, na katika ile miezi mitano ya kimya alikuwa bado akiongea siku nzima.

Marehemu alilazwa katika hospitali ya Wote tarehe 28 Mei, na Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa na watoto wake wote wawili na kaka yake, alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na ndugu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wote, hasa wale waliomgeuza kitandani kwa mikono ya upole, majirani wa Kiboko waliolisha mifugo yake tangu Desemba bila kuombwa, kina mama wa kanisa, wenzake wa zamani wa ofisi za safari mliotoka mbali, na kwa namna ya pekee nyumba ya Ndungu Kanyi, ambayo ingeweza kutofika, na imefika.

Kama kuna mtu hapa aliye na neno la kumwambia mwenzake, kaka wa marehemu hawezi kuwahubiria, hiyo ni kazi ya mchungaji. Anachoweza kusema ni kwamba alikuwa na simu mfukoni kwa miezi mitano, jina la dada yake likiwa la kwanza kwenye orodha, na hakuipiga.

Mbithe, mtoto wa Kalunde, kaka yako amekusomea yote. Pumzika kwa amani.